Polisi wa Marekani ni wa Nani?

Wale mliokusanyika kwa vikundi, wekeni kalamu na daftari karibu, maana leo iko miaka kadhaa ya kuandika.

Wengi wenu mmekwisha kuiona picha ile iliyopigwa kwa simu mjini Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei, 2020: askari wa polisi amepiga goti juu ya shingo ya mtu mweusi, George Floyd, naye amelala kifudifudi barabarani, mikono imefungwa pingu, mpaka akakata roho. Watu walioiona waliniuliza swali moja mara nyingi: kwa nini Rais wa Marekani hakumfukuza kazi mkuu wa polisi? Jibu lake ni fupi. Rais wa Marekani hana mkuu wa polisi wa kumfukuza.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea jeshi la polisi la nchi nzima, lenye Inspekta Jenerali mmoja. Askari aliyeko Mtwara leo, mwakani aweza kupelekwa Bukoba, na sare yake ni ile ile. Marekani mambo si hivyo. Huko kuna vikosi vya polisi karibu 18,000, kila kimoja na mkuu wake, kanuni zake na mshahara wake. Mji una polisi wake. Wilaya ina sherifu wake, ambaye mahali pengi huchaguliwa kwa kura kama diwani. Jimbo lina polisi wake wa barabara kuu, na hata vyuo vikuu vina askari wao. Vikosi vingi havifiki askari kumi. Kile cha mji wa New York kina zaidi ya 30,000. Ile FBI tunayoiona katika sinema ni idara ya upelelezi ya serikali kuu. Haina amri juu ya polisi wa mji.

Jambo hili mlishike, kwa sababu habari yote ya leo inalizunguka: polisi wa Marekani ni wa mji, hulipwa na mji, na kila walipokosa sana, aliyekuja kuwarekebisha alitoka nje ya mji.

Sasa turudi nyuma. Waingereza walipohamia Marekani walichukua desturi za kwao. Usiku wanaume wa mji walishika zamu ya ulinzi, mmoja baada ya mwingine, na tajiri aliyependa usingizi alimlipa maskini akeshe badala yake. Ulinzi huo haukuwa na sifa njema. Mwaka 1829 Sir Robert Peel aliunda polisi wa London, wenye sare na mshahara, wakikesha na kushinda. Wamarekani wakaiga: Boston mwaka 1838, New York mwaka 1845. Lakini waliiga nusu. Polisi wa London waliwekwa chini ya waziri wa serikali. Wale wa Marekani waliwekwa mikononi mwa meya na madiwani.

Huko kusini, penye mashamba makubwa ya mpunga na pamba, kulikuwa na chanzo kingine. Tangu mwaka 1704 katika South Carolina sheria iliweka doria za watu weupe wa kuwalinda watumwa; namaanisha kuwalinda wasitoroke na wasiasi. Watu hawa walipanda farasi usiku, wakaingia katika vibanda bila ruhusa, wakatafuta silaha, wakamsimamisha kila mtu mweusi njiani na kumdai cheti cha bwana wake. Asiyekuwa nacho alichapwa viboko pale pale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulifutwa na doria zikafa. Lakini mwaka ule ule na uliofuata majimbo ya kusini yalitunga sheria mpya juu ya watu weusi. Mtu asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi alikamatwa kwa kosa la uzururaji, akatozwa faini asiyoweza kuilipa, kisha akakodishwa kwa mwenye shamba au mwenye mgodi. Mkamataji alikuwa sherifu.

Basi si kweli kwamba polisi wote wa Marekani ni watoto wa doria za watumwa, kama wengine wasemavyo. Boston haikuwa na doria hizo. Wala si kweli kwamba wote ni watoto wa Sir Robert Peel. Kila mji ulizaa wake.

Na mji ukimzaa askari, humtumia. Katika karne ya 19 kazi ya polisi katika miji mikubwa ilitolewa na wanasiasa wa kata kama zawadi. Chama kikishindwa katika uchaguzi, askari wake walikuwa mashakani. Kule New York uchunguzi uliofanywa mwaka 1894 ulionyesha kwamba nyumba za kamari na za malaya zililipa mlungula kwa utaratibu, na kwamba vyeo vya polisi vilinunuliwa kwa fedha. Mwaka uliofuata aliwekwa mwenyekiti mpya wa halmashauri ya polisi, Theodore Roosevelt. Bwana huyu alikuwa akitembea mitaani usiku wa manane kuwatafuta askari waliolala au waliokaa vilabuni wakati wa zamu. Ndiye yule yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1901, na mwaka 1909, alipokwisha kustaafu, akashuka Mombasa kuja kuwinda. Alikaa na polisi wa New York miaka miwili tu, na alipoondoka mengi ya zamani yalirudi.

Mtu aliyefanya kazi ya kudumu zaidi hakuwa mkubwa. August Vollmer alikuwa mpeleka barua katika mji mdogo wa Berkeley, California, mpaka mwaka 1905 wenyeji walipomchagua kuwa mkuu wa ulinzi wa mji. Aliwapa askari wake baiskeli, kisha pikipiki, kisha magari. Aliajiri vijana waliosoma chuo kikuu, wakati watu walipodhani kwamba polisi ahitaji mabega tu. Tena alikataza mtuhumiwa asipigwe ili aungame. Hilo la mwisho halikuwa dogo. Mwaka 1931 tume iliyoteuliwa na Rais, ambayo Vollmer mwenyewe aliiandikia sehemu kubwa ya ripoti yake juu ya polisi, ilitangaza kwamba kupiga na kutesa watuhumiwa kumeenea nchini.

Gari lilibadili kazi ya polisi kuliko sheria yo yote. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kutumia redio katika magari yao. (Walipokuwa bado wakijaribu, walipewa leseni ya kituo cha burudani, kwa hiyo ilibidi wapige na muziki kati ya habari za wezi. Sisi wa redio tunaelewa shida hizo.) Mwaka 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, simu ya kwanza ilipigwa kwa nambari 911, ambayo leo ni nambari ya msaada ya nchi nzima. Faida yake ni wazi: mwenye shida hupata msaada upesi. Hasara yake ilichelewa kuonekana. Askari aliyekuwa akitembea kwa miguu, akamjua mwenye duka na mtoto wa mwenye duka, sasa alipita ndani ya gari akiwa amefunga kioo, na alikutana na wenyeji siku ya balaa tu.

Je, magari hayo yanayozunguka yalizuia wizi? Polisi wa Kansas City walifanya jambo la ushujaa: walijaribu. Kuanzia Oktoba 1972, kwa muda wa mwaka mmoja, walichukua maeneo 15 ya mji wakayagawa mafungu matatu. Katika matano waliondoa kabisa doria ya magari, wakawa wanakwenda wakiitwa tu. Katika matano waliacha kama kawaida. Katika matano waliongeza doria mara mbili au tatu. Mwaka ulipokwisha walihesabu wizi, wakawauliza watu kama wanaogopa zaidi au kidogo. Hakukuwa na tofauti ya maana, na wenyeji hawakutambua kwamba lo lote limebadilika.

Sasa tufike mahakamani, maana huko ndiko mtu wa nje alikoanza kuingia.

Mwaka 1934, wilayani Kemper katika Mississippi, mkulima mmoja mweupe aliuawa. Naibu sherifu na wenziwe waliwakamata wafanyakazi watatu weusi. Mmoja walimning'iniza kwa kamba juu ya mti, wakamshusha, wakamning'iniza tena. Wawili waliwavua nguo, wakawachapa mgongoni kwa mkanda wa ngozi wenye bizimu, wakiwaambia watapigwa mpaka waungame kama wanavyotakiwa. Waliungama. Mahakamani alama ya kamba ilionekana shingoni mwa yule wa kwanza, na naibu sherifu alipoulizwa hakukana kwamba walipigwa. Hata hivyo walihukumiwa kunyongwa, juma moja tu baada ya mauaji, na mahakama ya juu ya jimbo ikakubali hukumu. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo kwa kauli moja. Miaka 30 baadaye, mwaka 1966, katika kesi ya Miranda iliyotoka Arizona, mahakama hiyo hiyo iliagiza kwamba kabla ya kumhoji mtu aliye mikononi mwao, polisi wamwambie kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Maneno hayo mnayasikia katika kila sinema ya Kimarekani.

Kesi nyingine mbili nataka mzielewe vizuri, kwa kuwa ndizo zinazotumika mpaka leo askari anapomwua au kumwumiza mtu.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba, 1974, mjini Memphis, Tennessee, mama mmoja aliita polisi kwamba nyumba ya jirani inavunjwa. Askari alipozunguka nyuma aliona mtu akikimbia, akasimama kwenye ua wa waya. Alimmulika kwa tochi. Aliona uso wake na mikono yake, wala hakuona silaha. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa hana. Alimwamuru asimame. Yule mtu akaanza kupanda ua, na askari, akidhani kwamba akivuka atampotea, alimpiga risasi kichwani kwa nyuma. Alikuwa mvulana wa miaka 15, Edward Garner. Alikutwa na dola kumi na mkoba mmoja.

Askari huyo hakuvunja sheria ya Tennessee. Sheria ya jimbo ilimruhusu kutumia kila njia ya lazima kumkamata mhalifu anayekimbia, na asili yake ni sheria ya kale ya Uingereza, wakati karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kifo. Baba wa mtoto alishitaki, akashindwa, akakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikamkubalia kwa majaji sita kwa watatu: mtu anayekimbia tu, asiye na hatari kwa wengine, haruhusiwi kuuawa, hata kama maana yake ni kwamba atatoroka. Baba huyo alisubiri zaidi ya miaka kumi.

Kesi ya pili ilitoka Charlotte, North Carolina. Mwaka 1984 mtu mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari, Dethorne Graham, alihisi anaanza kuzidiwa akamwomba rafikiye amfikishe dukani anunue maji ya machungwa. Aliona foleni ni ndefu akatoka mbio. Askari aliyekuwa nje akamshuku, akawafuata, akawasimamisha. Walipojaribu kueleza hawakusikilizwa. Kadi yake ya ugonjwa haikutazamwa, na maji ya machungwa aliyoletewa na rafiki yalikataliwa. Alipoachiliwa, baada ya kujulikana kwamba dukani hakuna kilichoibwa, mguu wake ulikuwa umevunjika. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisema kwamba nguvu ya askari ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliye pale pale, wakati ule ule, bila kutumia yaliyojulikana baadaye.

Kwa maoni yangu kipimo hiki si cha kijinga. Marekani ni nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu. Mwaka 2018 zilikadiriwa kuwa milioni 393 mikononi mwa raia, na mwaka 2021 polisi 73 waliuawa kwa makusudi wakiwa kazini. Askari anayesimamisha gari usiku hajui kilichomo chini ya kiti. Lakini kipimo hiki kina tundu: hofu ya askari imekuwa sehemu ya utetezi wake. Na nani amemfundisha hofu hiyo ipunguzweje? Kwa hesabu ya mwaka 2018 mafunzo ya kuanzia ya askari wa Marekani yalikuwa kwa wastani saa 833, yaani miezi mitano hivi. Gazeti la Washington Post lilipoanza kuhesabu mwaka 2015, kwa kuwa serikali haikuwa na hesabu kamili, lilikuta kwamba watu karibu 1,000 hupigwa risasi na polisi na kufa kila mwaka. Wengi wao walikuwa na silaha. Na watu weusi, kwa kulinganisha idadi yao na ile ya weupe, waliuawa zaidi ya mara mbili.

Iko njia nyingine ya kumwumiza mwananchi, isiyotoa damu, nayo ni ya fedha. Mji wa Ferguson, Missouri, mwaka 2014 ulikuwa na watu kama 20,000, na wawili katika kila watatu walikuwa weusi. Mwezi wa Agosti mwaka huo askari wake alimwua kijana Michael Brown, na mji ukawaka moto. Serikali kuu ilituma wachunguzi. Juu ya kifo chenyewe walisema Machi 2015 kwamba hakuna ushahidi wa kumshitaki askari. Lakini walipofungua vitabu vya mji waliona jambo jingine. Mji ulikuwa ukitegemea faini kujaza sanduku lake. Mwaka 2010 zilikuwa dola milioni 1.38, kwa mwaka wa fedha wa 2015 mji ulitarajia zaidi ya milioni 3, karibu robo ya mapato yake ya kawaida, na wakubwa waliwaandikia wakuu wa polisi wakiwahimiza waongeze. Mama mmoja alisimamisha gari mahali pasipofaa mwaka 2007, akatozwa dola 151 na ada juu yake. Alishindwa kulipa kwa wakati, akaongezewa, akakamatwa, akalala mahabusu siku sita kwa jumla. Kufikia Desemba 2014 alikwisha kulipa dola 550, na bado alidaiwa 541. Hapo askari si mlinzi tena. Ni mtoza kodi mwenye bastola.

Mtu aliyeonewa aweza kumshitaki askari, lakini tangu mwaka 1967 mahakama zimempa askari kinga: halipi fidia ikiwa haki aliyoivunja haikuwa imekwisha kuwekwa wazi na mahakama. Na fidia ikitolewa, kwa kawaida hulipwa na mji. Jamaa za George Floyd walilipwa dola milioni 27 mwaka 2021, fedha za walipa kodi wa Minneapolis, na kati yao wamo majirani waliosimama kando ya barabara wakimsihi askari ainue goti.

Njia ya serikali kuu kuingia katika mji ilifunguliwa na picha nyingine. Machi 1991 mwenyeji wa Los Angeles alisimama katika roshani yake na kamera, akawapiga picha askari wakimchapa virungu Rodney King aliyelala chini. Aprili 1992 askari wanne walioshitakiwa hawakutiwa hatiani, na katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 50 walikufa. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likatunga sheria: kikosi cha mji kikionekana kina desturi ya kuvunja haki za watu, Wizara ya Sheria yaweza kukishitaki, kisha mji na wizara wakapatana mbele ya jaji juu ya matengenezo, na msimamizi akawekwa. Pittsburgh ulikuwa mji wa kwanza, mwaka 1997. Los Angeles wenyewe ulikaa chini ya mapatano hayo tangu 2001 hata 2013. Ni dawa ya polepole na ya gharama, na yategemea nani yuko Washington.

Minneapolis walionja yote hayo. Askari aliyepiga goti, Derek Chauvin, alitiwa hatiani Aprili 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa imesema kwamba mtu amekufa baada ya kuonekana mgonjwa. Picha ya msichana wa miaka 17 ndiyo iliyoifuta. Sheria ya nchi nzima iliyopewa jina la Floyd ilipita katika baraza moja la Bunge mara mbili, ikakwama katika Seneti. Juni 2023 Wizara ya Sheria ilitoa ripoti kwamba polisi wa mji huo walikuwa na desturi ya kutumia nguvu kupita kiasi na ya kuwabagua watu weusi. Januari 2025 mji na wizara wakatia sahihi mapatano. Mwezi huo huo serikali ilibadilika, na mwezi wa Mei, siku chache kabla ya kutimia miaka mitano tangu Floyd alipokufa, wizara hiyo hiyo ikaomba mapatano yafutwe. Jaji akayafuta. Yamebaki mapatano ya mwaka 2023 kati ya mji na jimbo la Minnesota, na ahadi ya meya kwamba yale yaliyoandikwa pamoja na Washington yatatekelezwa vile vile.

Vikundi vya kusikiliza, kabla ya kutawanyika, jadilini swali hili: ninyi ni halmashauri ya mji wa Ferguson, sanduku la mji ni tupu, na mishahara ya polisi inadaiwa mwisho wa mwezi. Fedha mtazitoa wapi?